Filla imeziba mshipa usoni, nimeambiwa niingie chemba ya oksijeni. Kuna aliyepitia?

Binti Chumbageni ameandika:

Wakuu, habari za humu. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu maana nimeuliza huku na kule na kila mtu ana lake.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Leicester huku England, kazi yangu ni kutunza wazee. Agosti mdogo wangu anaolewa nyumbani, nikasema na mimi nijiweke sawa kidogo, ile mistari inayotoka puani kushuka pembeni ya mdomo. Kuna dada wa urembo anafanyia sebuleni kwake, bei yake nafuu, wenzangu kazini wameshapita pale wakatoka wanang'aa. Jumamosi akanichoma filla, ile sindano ya kujaza mistari ya uso. Kulia hakuna neno. Kushoto, sindano ilipokuwa jirani na pua, nilisikia maumivu makali yakapanda kuelekea jichoni. Nikamwambia. Akasema ni mchubuko tu, akanipa barafu nikandike.

Jumapili nikaamka shavu la kushoto lina rangi ya zambarau iliyokoza, imejichora michirizi. Jumatatu vikatoka vipele vyenye usaha. Nampigia, hapokei. Nikapiga 111, simu ya ushauri wa afya huku, nikatumwa hospitali, daktari kijana akasema ni maambukizi akanipa antibiotiki. Jioni yake shoga yangu akaniburura kwa nesi mmoja wa Kighana mwenye kliniki ya ngozi na kibali cha kuandika dawa. Yule mama hakusema kitu. Alibonyeza ngozi kwa kidole, akaachia, akatazama saa, akabonyeza upande wa pili, akaachia. Kisha akaniuliza: "Ni filla gani?" Bahati nilikuwa nimepiga picha boksi. Akaanza kunichoma dawa ya kuyeyusha, anasubiri, anatazama, anachoma tena. Tulitoka pale usiku.

Sasa maumivu yamepungua sana na shavu linarudi. Lakini ukingo wa tundu la pua la kushoto umebaki mweusi na gamba, na umezungukwa na zambarau. Yeye anashauri niingie kwenye chemba ya oksijeni ya presha, haraka. Kliniki binafsi aliyonielekeza wanataka pauni 180 kila ukiingia, na si mara moja. Saluni moja hapa mtaani wana kapsuli ya oksijeni kwa pauni 45. Mume wangu anasema yote ni utapeli, gamba litadondoka lenyewe. Na mimi lifti tu huwa napanda macho nimefumba.

Inasaidia kweli? Na hiyo ya pauni 45 si oksijeni ileile?

Kaka Mkweli amejibu:

Uso aliokupa Mungu ulikuwa na kasoro gani? Mkiambiwa mnanuna. Pole lakini.

Mzamiaji Mkoani amejibu:

Kaka Mkweli, mtu ameungua wewe unamuuliza nani alimtuma jikoni. Tulia.

Dada, mimi si daktari. Ni mtu wa Pemba, nimezama miaka ya majongoo bahari kwa mipira ya kompresa, baadaye nikawa nawatembeza watalii chini ya maji. Chemba nimelazwa mle kwa ugonjwa wa wapiga mbizi, miguu ikiwa imekufa ganzi. Kwa hiyo naijua kutokea ndani. Ya usoni kwako nawaachia wenye elimu, ila hiyo kapsuli ya pauni 45 naomba niisemee mimi, maana presha ndiyo kazi iliyonilea.

Waulize saluni inafika presha ngapi. Kama ni lile hema la zipu linalojaa upepo, watakuambia 1.3. Maana yake ni mara 1.3 ya presha ya hapa juu, sawa na kuwa chini ya maji mita 3. Mita 3! Watoto wa Mkoani wanazama mita 3 kuokota sarafu gatini. Na mahema mengi humo ndani yanajazwa hewa ya kawaida. Hewa ina oksijeni asilimia 21, ukiibana mara 1.3 ni sawasawa na kukaa kitandani kwako ukivuta hewa yenye oksijeni asilimia 27. Kinyago cha kawaida cha hospitali kinakupa zaidi ya hiyo. Mahema yale kwa asili yalikuwa ya kuwasaidia watu waliozidiwa na kimo milimani, na kwa kazi hiyo yana heshima yake. Kwa pua inayokufa, hiyo pauni 45 kanunue samaki.

Kuhusu hofu: chemba ninazozijua mimi ni bomba kubwa la chuma lenye viti na madirisha, mnakaa watu kadhaa na mhudumu humohumo. Wakati presha inapanda joto linapanda nayo, utatoka jasho. Masikio yanaziba kama uko kwenye basi la Mombo kupanda Lushoto, unameza mate yanafunguka. Wakati wa kushuka presha kunakuwa baridi na ukungu unatanda, usishtuke. Wakikuambia kuna za mtu mmoja, bomba la kioo unalazwa chali, hizo nazo zipo, na unaona nje pande zote.

Nesi wa Kibokoni amejibu:

Pole sana mdogo wangu. Na mpe salamu zangu huyo nesi wa Kighana, kwa sababu alichofanya usiku ule ndicho kilichookoa shavu lako. Nikupe maneno yangu kwa urefu, mimi ni nesi wa chemba huku Aberdeen, Scotland, mji ambao chemba zake zimezoea wapiga mbizi wa mafuta wa Bahari ya Kaskazini kuliko akina dada wa filla. Lakini wa filla nao siku hizi wanapiga simu.

Kwanza kabisa: chemba haizibui mshipa. Filla yako, kama boksi linasema asidi ya hailuroniki, ni ute mzito. Uliingia ndani ya ateri, au ulirundikana nje yake ukaibana, na damu ikakatika kuelekea pua. Ateri ya uso hupita jirani kabisa na huo mstari uliochomwa na matawi yake ndiyo yanayolisha ukingo wa tundu la pua, ndiyo maana kidonda kimekaa pale na si kwingine. Kinachoondoa ute huo ni kimeng'enya kinachoitwa hailuronidasi. Hapa Uingereza kichupa kimoja kina yuniti 1,500, na mshipa ukiziba hakichomwi kwa kubana matumizi: unachoma kwa wingi, unasubiri kama saa moja, unapima damu inavyorudi, unachoma tena. Hivyo hasa ndivyo ulivyofanyiwa. Kama ungeniambia umetoka sebuleni kwa yule dada moja kwa moja unataka chemba, ningekurudisha mlangoni ukayeyushwe kwanza. Kabla hujalipa chochote, mwambie nesi wako akupime tena leo. Ikiwa kuna mahali damu bado inasuasua, huenda kuna ute umebaki.

Na lile barafu halikuwa la kukupa. Baridi hubana mishipa. Anayeshukiwa kuzibwa mshipa hukandwa kwa kitambaa cha uvuguvugu na kusuguliwa taratibu, huku dawa ikitafutwa. Lakini yule dada asingekuwa na dawa. Sheria ya England inamruhusu mtu yeyote kumchoma mtu mzima filla, hata asiye na cheti cha uuguzi. Walichokataza tangu Oktoba 2021 ni kuwachoma walio chini ya miaka 18. Hailuronidasi, kwa upande wake, ni dawa ya kuandikiwa. Yaani mtu anaruhusiwa kuziba lakini haruhusiwi kuzibua. Mimi hilo limenishinda kulielewa.

Sasa chemba. Hewa ya kawaida ikiingia mapafuni, karibu oksijeni yote hupandia kwenye chembe nyekundu. Inayoyeyuka kwenye majimaji ya damu yenyewe ni kidogo mno, mililita 0.3 hivi kwa kila mililita 100 za damu. Ukivuta oksijeni tupu kwenye presha mara 3 ya kawaida, hiyo iliyoyeyuka hufika karibu mililita 6, na kiasi hicho kinatosha kuitunza tishu iliyotulia hata kama chembe nyekundu hazifiki. Mwaka 1960 huko Amsterdam daktari mpasuaji Ite Boerema aliwatoa nguruwe karibu damu yote (mnisamehe kumtaja huyo mnyama humu), akawawekea majimaji yasiyo na chembe nyekundu, wakaendelea kuishi ndani ya chemba. Kwa jeraha kama lako hatuendi mara 3. Wengi huenda mara 2 hadi 2.4, ambayo ni kama mita 10 hadi 14 chini ya bahari, unavuta oksijeni dakika 90 hivi na vipumziko vya hewa ya kawaida katikati.

Faida yake kwako ni hii. Mishipa ya jirani, ile iliyo hai, inabeba majimaji yaliyojaa oksijeni, na oksijeni hiyo inapenya mbali zaidi kuingia kwenye tishu iliyokosa damu. Uvimbe nao unapungua. Siku zikienda, mishipa midogo mipya inachochewa kuota.

Ushahidi? Nitakwambia wazi ninachowaambia wagonjwa wangu. Kwa filla, tulichonacho ni taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na vikundi vidogo, na wengi wao walikuwa wamepewa hailuronidasi, aspirini na kila kitu pamoja, kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kilichowaponya ni kipi. Orodha ya magonjwa inayotolewa na UHMS, chama cha Marekani cha tiba hii, haitaji filla. Inataja vipandikizi vya ngozi vinavyokosa damu na kuziba kwa ateri ya retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, na madaktari wanaoshauri chemba kwa filla wanajenga hoja kutokea hapo. Ndiyo maana huduma ya afya ya taifa huko England haikulipii. Wao wanalipia wapiga mbizi na watu walioingiwa na mapovu ya hewa kwenye damu, basi.

Mumeo hajakosea kuuliza. Ila amechanganya vitu viwili. Pale penye weusi na gamba pamekwisha kufa, na pesa yoyote utakayotoa haitapafufua; gamba litadondoka na chini yake patapona au pataacha shimo. Tunachopigania ni ile pete ya zambarau uliyosema imezunguka. Ile haijaamua. Ndiyo sababu ya haraka. Ungekuja baada ya wiki tatu zambarau ikiwa imeshachagua upande, ningekwambia uweke hela yako ya harusi. Leo, ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningekupeleka.

Nina neno na ngozi zetu. Picha karibu zote za vitabuni zinaonyesha shavu jeupe linalogeuka jeupe zaidi, kisha linajichora michirizi ya buluu. Kwetu sisi kule kupauka hupita haraka au hakuonekani kabisa, na zambarau inaonekana kama weusi wa kawaida. Huyo daktari kijana aliona usaha akaona maambukizi. Vipele vya usaha siku ya pili au ya tatu baada ya filla, juu ya eneo lenye maumivu na rangi iliyobadilika, mara nyingi ni ngozi iliyokosa damu. Nesi wako alifanya linalofaa kwa ngozi yoyote: bonyeza sekunde tano, achia, tazama rangi inavyorudi, linganisha na upande mzima. Ikizidi sekunde tatu kuna jambo. Ngozi ikiwa nyeusi sana mpaka huoni, geuza mdomo utazame ndani au fizi. Na gusa: eneo lisilo na damu huwa la baridi.

Ukienda chemba, haya yanakuhusu. Mafua ukiwa nayo, sema. Masikio na sainasi, yaani matundu ya hewa kwenye mifupa ya uso, vikiziba presha huumiza sikio na inaweza hata kupasua kiwambo chake; masikio kuumia ndilo tatizo tunaloliona zaidi ya yote. Kwa kawaida tunawafundisha watu kubana pua na kupuliza, lakini pua yako hiyo usiibane. Meza mate, piga miayo, chezesha taya. Omba kofia ya plastiki inayofunika kichwa kizima badala ya kinyago, kwa sababu kinyago kitakandamiza palepale penye jeraha. Wakuulize kuhusu mapafu. Mtu mwenye pafu linalovujisha hewa kifuani haingii kabisa mpaka litibiwe. Mwenye kisukari apime sukari kabla, hushuka mle ndani. Degedege kwa sababu ya oksijeni kuzidi hutokea kwa nadra, na mhudumu yupo kwa ajili hiyo. Ukiingia mara nyingi macho yanaweza kuona mbali kwa ukungu, kisha baada ya wiki kadhaa yanarudi.

Na moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila kila kinachowaka huwaka mara kumi. Januari 2025 huko Troy, Michigan, mtoto wa miaka mitano alifariki chemba iliposhika moto. Kwa hiyo simu nje, hina na rangi ya kucha waulize, manukato hapana, na nywele, mdogo wangu, nywele! Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, siagi ya shea, jeli ya kulaza nywele za mbele, yote yaoshwe. Wenyeji wa huku hawatakumbuka kukuuliza kuhusu mafuta ya kwenye misuko kwa sababu hawayapaki. Sema mwenyewe.

Nyumbani: gamba usilibandue, paka mafuta ya kidonda uliyopewa na nesi, kinga jua. Shisha na sigara viache, hata kukaa karibu na wanaovuta. Na usije ukapaka mkorogo pale ukiona weusi umebaki. Weusi huo utafifia kwa miezi. Mkorogo juu ya ngozi iliyotoka kufa utakuachia alama ya maisha.

Sharifa wa Ruwi amejibu:

Assalam alaykum. Nesi, niulize hapohapo. Dada yangu hapa Muscat amewekewa filla ya pua, ameambiwa ni ya kalisi, inakaa muda mrefu. Hiyo nayo inayeyushwa na dawa hiyo?

Nesi wa Kibokoni amejibu:

Wa alaykum salaam. Haiyeyuki. Hailuronidasi inakula asidi ya hailuroniki tu. Za kalisi, na silikoni ndiyo kabisa, hazina dawa ya kuyeyusha ya kutegemewa namna hiyo, kwa hiyo mshipa ukiziba kwa hizo mikono inakuwa mitupu, na hapo ndipo watu hukimbilia chemba mapema zaidi kwa kukosa jingine. Kama pua yake ni salama na muda umepita, asihangaike. Asiongeze.

Pua na katikati ya nyusi ni mahali pabaya zaidi kwa sindano hizi, kwa sababu mishipa yake inaungana na ile ya jicho. Mtu akichomwa hapo, kisha jicho likauma ghafla, likaona giza au ukope ukaanguka, hakuna kuuliza mtandaoni. Retina iliyokatiwa damu haina hata saa mbili. Ni hospitali yenye daktari wa macho, wakati uleule.

Kaka Mkweli amejibu:

Nimesoma yote. Nesi, hapa nimejifunza. Mke wangu alikuwa anaulizia bei. Nimemtumia uzi huu.

Binti Chumbageni ameandika:

Wakuu nimerudi. Asanteni sana, na Nesi wa Kibokoni Mungu akuweke.

Mama wa Kighana alinipima tena, akachoma kidogo mahali pamoja chini ya pua, akasema sasa damu inarudi vizuri. Nilipiga simu pia kituo kimoja cha hisani, vile vilivyoanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wana chemba na bei yao ni ya huruma. Wakanijibu kwa upole kwamba wao presha yao ni ya chini na jeraha bichi hawachukui bila barua ya daktari. Basi nikaenda ile ya pauni 180. Mume alinuna njiani kote, lakini ndiye aliyelipa.

Ni ile ya watu wengi. Kweli joto, kweli ukungu, Mzamiaji hukunidanganya. Nilishika mkono wa bibi mmoja wa Kizungu mwenye kidonda cha kisukari mguuni mpaka nikamwachia alama za kucha, naye ananicheka tu. Kofia waliniwekea nilipoomba. Daktari wao alichora kwa kalamu kuzunguka ile zambarau, na jana mstari wa kalamu umebaki nje, zambarau imerudi ndani kidogo. Weusi uko palepale. Amesema usitegemee hapo pawe kama zamani, na baadaye kovu linaweza kushughulikiwa.

Swali la mwisho. Nywele nimeosha, misuko nimefumua. Kichwa changu sasa hivi hakitazamiki. Naruhusiwa kuingia na wigi?

Nesi wa Kibokoni amejibu:

Wigi abaki nalo mumeo nje. Mengi ni ya nyuzi za plastiki, yanaweza kutoa cheche za umeme ukiyavua tu. Muombe mhudumu kofia ya pamba, wanazo. Na hiyo picha ya boksi la filla usiifute, mpe daktari wa chemba nakala pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye stika. Atakapoandika ripoti ataihitaji.

Mzamiaji Mkoani amejibu:

Na yule bibi mpelekee halua.